Kaa buibui: maana, matumizi na utambuzi wa jenasi zake

kaa buibui nm [a-/wa-] (wingi: kaa buibui)
Jina la jumla la kaa wa baharini wa familia ya juu Majoidea, aghalabu wenye gamba lililochongoka kwa mbele na miguu mirefu inayowafanya wafanane na buibui.

Maana na mipaka yake

Kaa buibui si jina la spishi moja. Ni jina la kundi lenye familia kadhaa na mamia ya spishi, kuanzia kaa wadogo wanaoenea juu ya kidole kimoja hadi *Macrocheira kaempferi* wa Japani, ambaye miguu yake ya magando ikinyooshwa hufikia takriban mita 3.7 kutoka ncha hadi ncha. Kwa hiyo matini inayotaja "kaa buibui" bila kuongeza neno humwachia msomaji kazi ya kubahatisha: ni kaa gani, wa bahari ipi, na je, ni yule anayeuzwa sokoni au ni yule anayelindwa na mkataba? Jina la jenasi ndilo linaloanza kujibu maswali hayo.

Kabla ya kufika kwenye jenasi, yafaa kaa buibui watenganishwe na makundi mawili ambayo huchanganywa nao.

Kundi la kwanza ni buibui wa bahari, wanyama wa Pycnogonida. Hawa si kaa. Hawana gamba pana la mgongo wala magando ya kaa. Kiwiliwili chao ni chembamba mno, na wengi wao wana miguu minane. Mtego uko kwa anayefasiri kutoka Kifaransa, kwa kuwa katika lugha hiyo *araignée de mer*, yaani "buibui wa bahari" kwa tafsiri ya neno kwa neno, ni jina la kawaida la kaa wa jenasi *Maja* anayeuzwa kwenye masoko ya samaki. Mfasiri akifuata maneno badala ya mnyama, atakuwa amempa msomaji kiumbe kingine kabisa.

Kundi la pili ni kaa mfalme wa familia ya Lithodidae. Nao wana miguu mirefu na miiba, lakini wamo katika kundi la Anomura, ilhali kaa buibui wamo katika Brachyura, yaani kaa halisi. Njia ya haraka ya kuwatenganisha ni kuhesabu miguu. Kaa buibui huonyesha jozi tano: moja ya magando na nne za kutembelea. Kaa mfalme huonyesha jozi nne tu, magando yakiwemo, kwa kuwa jozi yake ya tano ni ndogo na hufichwa chini ya gamba.

Sarufi ya jina

Katika *kaa buibui*, nomino kuu ni kaa, na buibui huifafanua. Upatanisho hufuata kaa mnyama: *kaa buibui huyu amevuliwa, kaa buibui hawa wamevuliwa*. Wingi haubadilishi neno lolote kati ya hayo mawili. *Makaa* ni wingi wa kaa la moto, wala si wa mnyama. Na *mabuibui* ni mavazi meusi ya wanawake. Upatanisho ndio unaoondoa utata: *kaa huyu amekatika mguu*, lakini *kaa hili limezimika*.

Jina la kisayansi halichukui viambishi vya Kiswahili. Huandikwa kwa italiki, jenasi ikianza kwa herufi kubwa na spishi kwa herufi ndogo: *Hyas araneus*. Sentensi inapozungumzia jenasi kama ngazi ya uainishaji, upatanisho ni wa i-/zi-: *Jenasi Maja ilianzishwa na Lamarck mwaka 1801.* Inapozungumzia wanyama wenyewe, upatanisho ni wa a-/wa-: *Kaa wa jenasi Maja wana miiba mingi.* Kuchanganya miundo hiyo miwili katika aya moja ni kosa la mara kwa mara katika vitabu vilivyofasiriwa.

Ufupisho nao unahitaji uangalifu. Kwa desturi jenasi hufupishwa kwa herufi ya kwanza baada ya kutajwa kwa ukamilifu. Hata hivyo, katika kundi hili *M.* inaweza kuwa *Maja*, *Macropodia*, *Macrocheira*, *Micippa* au *Menaethius*. Pale ambapo jenasi mbili kati ya hizo zinatajwa pamoja, ni salama zaidi kuandika jina zima kila mara.

Ngazi za uainishaji

Istilahi zilizozoeleka katika Kiswahili ni faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. *Maja brachydactyla*, mathalani, ni spishi ya jenasi *Maja*, familia ya Majidae, familia ya juu Majoidea, kundi la Brachyura, oda ya Decapoda, ngeli ya Malacostraca. Neno *ngeli* hapa ni ngazi ya kibiolojia; mwalimu anayefundisha sarufi na sayansi kwa wanafunzi wale wale hana budi kulieleza. Neno *aina* nalo halifai kusimama badala ya jenasi au spishi katika matini ya kitaalamu, kwa kuwa katika matumizi ya kila siku hubeba maana zote mbili.

Jenasi ni uamuzi wa wataalamu kuhusu udugu wa spishi, na uamuzi huo una historia. Linnaeus, mwaka 1758, aliwaweka kaa wengi katika jenasi moja tu, *Cancer*. Kaa ambaye leo huitwa *Hyas araneus* alimpa jina la *Cancer araneus*. Neno hilo la pili lina asili ya Kilatini na linahusu buibui. Baadaye jenasi hiyo pana iligawanywa: Weber alitoa *Inachus* mwaka 1795, Lamarck akatoa *Maja* mwaka 1801, na Leach akatoa *Hyas*, *Macropodia* na *Pisa* mwaka 1814.

Historia hiyo huonekana hata katika alama za uandishi. *Hyas araneus* (Linnaeus, 1758) ana mabano kwa sababu Linnaeus alimweleza chini ya jenasi nyingine. *Maja brachydactyla* Balss, 1922 hana mabano kwa sababu tangu mwanzo alielezwa ndani ya *Maja*. Mabano hayo ni taarifa, si pambo; mfasiri au mhariri hana ruhusa ya kuyaondoa wala kuyaongeza.

Alama zinazodanganya

Kaa buibui wengi wana nywele ngumu zilizopinda kama ndoana kwenye gamba na miguu. Hunyofoa vipande vya mwani, sifongo na viumbe wengine, kisha huvinasa kwenye nywele hizo hadi mwili wote ukafanana na mahali walipo. Matokeo yake ni kwamba kaa wawili wa spishi moja, mmoja kutoka kwenye mwani na mwingine kutoka kwenye sifongo, huonekana kama wageni kwa kila mmoja. Na kaa wa jenasi mbili tofauti waliokusanywa mahali pamoja huonekana kama ndugu. Kielelezo husafishwa kwanza kwa brashi laini, ndipo utambuzi uanze.

Rangi haitegemeki pia, kwani hufifia kielelezo kinapohifadhiwa kwenye spiriti. Ukubwa wa gando ni mtego wa tatu. Kaa hukua kwa kujivua gamba, lakini kaa buibui hufikia mara ya mwisho ya kujivua, ambayo baada yake hawakui tena. Katika spishi nyingi, dume aliyefika hatua hiyo hupata magando makubwa kuliko ya jike na ya madume machanga. Anayelinganisha dume mkubwa na dume mchanga anaweza kudhani ameona spishi mbili.

Jinsia huweza kubadilisha hata umbo la mwili mzima. Katika *Huenia heraldica*, dume ana gamba jembamba la pembetatu lenye ncha ndefu, ilhali gamba la jike limepanuka pembeni kama jani.

Alama zinazoaminika

Jenasi hutambuliwa hasa kwa sehemu ngumu zisizobadilika sana kutoka kaa mmoja hadi mwingine.

Ya kwanza ni rostramu, yaani ncha ya gamba inayotokeza mbele katikati ya macho. Huwa mwiba mmoja au miwili. Huwa ndefu au fupi. Hunyooka mbele au huinama. Na miiba yake huenda sambamba au huachana.

Ya pili ni tundu la jicho. Baadhi ya jenasi zina miiba na vipande vya gamba vinavyolizunguka na kulilinda jicho. Nyingine hazina tundu la kweli, na jicho hukaa wazi juu ya kikonyo chake. Ni muhimu pia kuangalia kama kikonyo hukunjika kuelekea nyuma au la.

Ya tatu ni gamba lenyewe: umbo lake, mpangilio wa miiba yake, na uwiano wa urefu na upana. Ya nne ni miguu, hasa umbo la pingili ya mwisho na kama miguu ni ya mviringo au bapa. Kwa spishi zinazokaribiana sana, wataalamu huchunguza kiungo cha kwanza cha uzazi cha dume kilicho chini ya mkia uliokunjwa, na siku hizi hulinganisha pia chembe za urithi.

Lava nao hutoa ushahidi. Kaa buibui kwa kawaida hupitia hatua mbili tu za zoea kabla ya kuwa megalopa, idadi ndogo kuliko ya kaa wengine wengi. Alama hiyo husaidia kulitambua kundi zima, si jenasi moja moja.

Jenasi zinazochanganywa

*Inachus* na *Macropodia*. Zote ni za kaa wadogo wenye miguu myembamba mno. *Macropodia* ina rostramu ndefu ya miiba miwili iliyoshikamana hata ikaonekana kama mmoja, na macho yake hayakunjiki. *Inachus* ina rostramu fupi yenye ncha mbili, na macho yake huweza kukunjwa nyuma. Jenasi ya tatu, *Achaeus*, ina rostramu fupi sana; hutambulikana kwa pingili za mwisho za miguu ya nyuma zilizopinda kama mundu.

*Maja* na *Pisa*. Zote zina miiba miwili ya mbele. Katika *Maja* miiba hiyo huachana tangu shinani, na kingo za gamba zimejaa miiba mikubwa. Katika *Pisa* miiba miwili huenda sambamba kwa sehemu kubwa ya urefu wake, na kingo zina miiba michache.

*Hyas* na *Chionoecetes*. Zote ni za bahari baridi za kaskazini na zote zimo katika familia ya Oregoniidae. *Hyas* ina gamba lililorefuka na rostramu ya pembetatu mbili bapa zilizokaribiana. *Chionoecetes*, jenasi ya kaa theluji, ina gamba linalokaribia mviringo, upana wake ukikaribiana na urefu, na miguu iliyo bapa. Hii ndiyo jenasi inayowakanganya wanafunzi waliokariri kwamba kila kaa buibui ana gamba la pembetatu.

*Macrocheira* humtosha kila mtu kwa ukubwa, lakini ukubwa haukumaliza mjadala wa familia yake. Orodha nyingine zimeiweka katika Inachidae, nyingine katika Majidae, na nyingine zimeipa familia yake yenyewe, Macrocheiridae. Anayefasiri matini ya zamani hapaswi kusahihisha familia kimyakimya. Huiacha ilivyo na, ikibidi, huongeza maelezo.

Mfano wa ufunguo wa utambuzi

Ufunguo huandikwa kwa jozi za kauli zinazopingana, na msomaji huchagua moja kila hatua. Kauli ziwe fupi, zilinganishe sehemu ile ile ya mwili, na zitumie muundo mmoja wa sarufi. Mfano huu unahusu jenasi nne tu za pwani za Ulaya na hauwezi kutumika mahali pengine.

1a. Miguu ya kutembelea ni myembamba mno ikilinganishwa na gamba: nenda 2.
1b. Miguu ya kutembelea ni minene kiasi: nenda 3.
2a. Rostramu ndefu, ya miiba miwili iliyoshikamana. Macho hayakunjiki: *Macropodia*.
2b. Rostramu fupi, yenye ncha mbili. Macho hukunjika nyuma: *Inachus*.
3a. Rostramu ya miiba miwili iliyoachana tangu shinani. Kingo za gamba zenye miiba mikubwa: *Maja*.
3b. Rostramu ya pembetatu mbili bapa zilizokaribiana. Kingo za gamba zisizo na miiba mikubwa: *Hyas*.

Katika kutafsiri funguo za namna hii, *-enye* na *-sio na* huokoa nafasi na kuondoa utata. Maneno kama "mrefu kiasi fulani" hayafai iwapo kauli ya pili haisemi mrefu kuliko nini.

Jenasi za pwani ya Afrika Mashariki

Bahari ya Hindi ina jenasi zake, na alama ni zile zile. *Menaethius monoceros* ana rostramu ya mwiba mmoja, na jina la spishi lina maana ya "mwenye pembe moja". Hupatikana kwenye mwani wa maji mafupi. *Schizophrys aspera* ana miiba miwili ya mbele, na kila mmoja una mwiba mdogo wa ziada ubavuni. Jina la jenasi linatokana na maneno ya Kigiriki ya kupasuka na ya nyusi. *Micippa* hutambulikana mara moja kwa rostramu iliyoinama chini karibu wima. *Camposcia retusa* ana rostramu fupi butu yenye ndewe mbili na miguu mirefu, na mara nyingi mwili wake umefunikwa na sifongo kiasi kwamba kaa hasomeki mpaka asafishwe.

Wanafunzi wa pwani wanaotumia kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Ulaya hawatawakuta kaa hawa ndani yake. Ufunguo wa jenasi nne uliotolewa hapo juu ungempeleka *Schizophrys* moja kwa moja kwenye *Maja*, si kwa sababu mwanafunzi amekosea bali kwa sababu ufunguo haumjui. Swali la kwanza la kuuliza juu ya ufunguo wowote ni: uliandikwa kwa bahari gani?

Gharama ya jina lisilo sahihi

Kwa muda mrefu kaa mkubwa anayevuliwa Bretagne, Galicia na kusini mwa Uingereza aliitwa *Maja squinado*, jina lililotolewa na Herbst mwaka 1788. Mwaka 1998 Neumann alionyesha kwamba kaa wa Atlantiki na wa Mediterania ni spishi mbili, na uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2008 ukaunga mkono. Wa Atlantiki ni *Maja brachydactyla*. *Maja squinado* ni wa Mediterania. Tofauti hiyo ina uzito nje ya makumbusho. *Maja squinado* yumo katika Kiambatisho cha III cha Mkataba wa Bern, unaohusu uhifadhi wa wanyamapori wa Ulaya, ilhali kaa wa Atlantiki ndiye anayejaza masoko. Mfasiri anayenakili jina la zamani bila kulichunguza huweza kumfanya mvuvi wa halali aonekane mvunja sheria, au kuficha upungufu wa spishi moja nyuma ya wingi wa nyingine.

Majina ya biashara huongeza utata. Mwaka 2021 wadau wa uvuvi wa Cornwall, Uingereza, walitangaza nia ya kumuuza kaa buibui wao kwa jina lenye maana ya "kaa mfalme wa Cornwall", ili apate wanunuzi zaidi. Kaa huyo ni wa jenasi *Maja*, na hana udugu wa karibu na kaa mfalme wa Lithodidae. Hali kadhalika, Oktoba 2022 jimbo la Alaska, Marekani, lilitangaza kufunga msimu wa kuvua kaa theluji katika Bahari ya Bering kwa mara ya kwanza, na uvuvi wa kaa mfalme mwekundu wa Bristol Bay ukafungwa pia. Habari moja ilikuwa na wanyama wawili wa makundi mawili. Kuwaita wote "kaa wa Alaska" ni kupoteza nusu ya habari.

Matumizi yanayopendekezwa

Hafifu: *Buibui wa bahari huvuliwa kwa wingi Bretagne.*
Bora: *Kaa buibui* Maja brachydactyla *huvuliwa kwa wingi Bretagne.*

Hafifu: *Aina ya Hyas ina miguu mirefu na wanaishi kaskazini.*
Bora: *Kaa wa jenasi* Hyas *wana miguu mirefu na huishi katika bahari za kaskazini.*

Hafifu: *Mgahawa huo huandaa kaa mfalme wa Cornwall.*
Bora: *Mgahawa huo huandaa kaa buibui wa jenasi* Maja, *anayeuzwa huko kwa jina la "kaa mfalme wa Cornwall".*

Kwa jumla, jina la Kiswahili hutangulia ili msomaji ajue ni mnyama gani anayezungumziwa, na jina la jenasi au spishi hufuata pale linapotajwa kwa mara ya kwanza. Ikiwa matini asilia inataja jenasi tu, tafsiri isijasirie spishi. Ikiwa inatumia jina lililokwisha kubadilishwa, jina hilo hubaki, na jina la sasa hutajwa kando yake. Mwalimu anayewaeleza wanafunzi kaa aliyeokotwa ufukweni naye hufuata kanuni hiyo: kusema "kaa buibui wa jenasi ya *Menaethius*" kwa uhakika ni bora kuliko kutaja spishi kwa kubahatisha.